Twende Zanzibar Lini? Upepo, Mwezi na Likizo ya Mtu wa Dodoma

Bunge la bajeti likishafungwa mwishoni mwa Juni, Dodoma hulegea. Nyumba za wageni zinashusha bei, foleni za asubuhi zinapungua, na ofisini fomu za likizo zinaanza kutembea meza hadi meza. Hapo ndipo ninapoulizwa swali la kila mwaka: "Dada, wewe una ndugu Zanzibar. Twende lini?"

Nami huuliza: "Mnakwenda kufanya nini?"

Wengine hudhani naringa. Lakini anayetaka kuogelea na watoto, anayetaka kutembea Mji Mkongwe jioni bila kulowa jasho, na anayetaka tu kukaa barazani akatazame maji, hao ni wasafiri watatu, na mwezi unaomfaa mmoja unaweza kumharibia mwingine.

Dada yangu mkubwa ameolewa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa hiyo sijavijua visiwa kwa utalii. Nimekwenda kwenye harusi, kwenye arobaini ya mtoto, kwenye Idi, kwenye misiba, na msiba haumngojei mtu achague msimu. Nimeshuka bandarini Malindi, pale Mji Mkongwe, mvua ya Aprili ikimwagika kama imetumwa. Nimekwenda Julai nikalala na shuka mbili. Nimekwenda Februari, mchana hakuna kivuli kinachosaidia. Ndiyo maana jibu la mstari mmoja linanishinda.

Ukiingia mtandaoni utaambiwa: Juni hadi Oktoba, halafu Desemba hadi Februari. Si uongo, hiyo ndiyo miezi yenye mvua kidogo. Shida ni kwamba aliyeandika alikuwa na msomaji wake kichwani, mtu anayeikimbia baridi ya Ulaya na aliyefungwa na likizo za shule za kwao, yaani Julai, Agosti na Krismasi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000, na idadi yao hupanda katika miezi hiyo hiyo. Bei za vyumba huzifuata ndege zao. Mtu wa Dodoma anayelipa bei ya Agosti analipia ratiba ya shule ya mtoto wa mtu mwingine, tena kwa hali ya bahari ambayo, kama nitakavyoeleza, upande mmoja wa kisiwa si nzuri hata kidogo.

Halafu kuna makala zinazochanganya visiwa vya dunia nzima kana kwamba vyote vimekaa kwenye beseni moja. Unasoma onyo la vimbunga kati ya Juni na Novemba, unaogopa, kumbe hiyo ni Karibi. Mauritius na Madagascar, ambao ni jirani zetu kwenye bahari hii hii, vimbunga vyao huja kinyume chake, kuanzia Novemba hadi Aprili. Maldivi wako ng'ambo ya ikweta, na kwao miezi mikavu ni Desemba hadi Aprili. Bali ni Aprili hadi Oktoba. Kwa hiyo swali la msimu bora wa kisiwa cha nchi za joto halina jibu mpaka utaje kisiwa.

Sisi tuna bahati ya kukaa karibu na ikweta. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini, na huko vimbunga hupata shida kujisokota. Hupata shida, sikusema haviji. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kwa wingi, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa kwa muda. Yote mawili yalitokea ndani ya masika, Aprili na Mei. Mtu akikwambia "nenda tu mwezi wowote, Tanzania haina vimbunga," mwambie angalau afuatilie taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kukata tiketi ya miezi hiyo.

Sasa tuje kwenye upepo. Watu wa bara tunazoea kuuliza mvua. Kwa mtu aliyekulia Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima haizidi sana milimita 600, mwaka una sehemu mbili: wakati wa mvua na wakati wa vumbi. Pwani hawauhesabu hivyo. Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi, sijawahi kumsikia akianza na mvua. Huanza na upepo.

Kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi unavuma kaskazi, kutoka kaskazini mashariki. Kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba unavuma kusi, kutoka kusini mashariki. Chanzo chake kiko mbali sana na Jambiani: katikati ya mwaka bara la Asia linapata joto kali, hewa ya juu yake inapanda, na hewa ya bahari yetu inavutwa kwenda huko, mwisho wa mwaka Asia inapoa na mambo yanageuka. Kwa pepo hizo majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja Zanzibar na kurudi kwa karne nyingi. Yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na nahodha aliyezubaa sokoni mpaka upepo ukamwisha alikaa kusubiri mwaka ugeuke. Kati ya pepo hizo mbili kuna mapengo, na mapengo ndiyo huleta mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba mwishoni hadi Desemba.

Kusi ni upepo mkavu na wa ubaridi. Juni, Julai na Agosti huko ni kipupwe, usiku unalala vizuri bila feni, na mbu wanapungua. Mpaka hapo raha tupu. Lakini kusi huupiga uso wa mashariki wa kisiwa: Paje, Bwejuu, Jambiani, Makunduchi. Bahari inachafuka, majani ya bahari yanarundikana ufukweni, mchanga unaingia kwenye chai. Vijana wa kuteleza na tiara juu ya maji wanaipenda Paje kwa sababu hiyo hiyo, na Julai utawaona wamejaa huko kama kunguru. Wewe uliyekuja na watoto wa miaka sita hutaipenda. Kwa miezi hiyo hamia upande wa pili, Kendwa, Nungwi ya magharibi, Mangapwani, au kaa Mji Mkongwe. Kisiwa chenyewe kinakukinga na upepo. Kaskazi ikianza kuvuma mambo yanabadilika, Nungwi nayo hupigwa na upepo.

Mtu akishaelewa hili, nusu ya malalamiko ya likizo yanakwisha. Kisiwa ni kile kile na mwezi ni ule ule, lakini mmoja anarudi akisema bahari ilikuwa kama kioo na mwingine anasema aliogopa hata kutia mguu. Walikaa pande tofauti.

Upepo unahusu pia boti. Mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja katika kusi hautabiriki, na mchana upepo huongeza nguvu. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar, siku ya upepo mkali, na watu wengi wakafa. Sikukumbushi haya ili uogope boti. Boti za sasa ni kubwa zaidi, na hali ikiwa mbaya safari huzuiwa. Nakukumbusha ili usimgombeze mhudumu siku safari yako ikiahirishwa. Mimi katika miezi ya kusi huchukua boti ya asubuhi, hata kama maana yake ni kulala Dar usiku mmoja. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, mtu unaweza kutoka hapa asubuhi na jioni ukaogelea Unguja, na wengi wanafanya hivyo kwa sifa. Lakini kuteremka kwenye treni na kupanda boti ya alasiri ya Agosti, tumbo likiwa na chipsi za stesheni, hilo sikushauri.

Hata hivyo, upepo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mwezi wa angani, na hili ndilo wasilolijua wengi wanaotoka bara, wala makala nyingi hazilitaji.

Mfanyakazi mwenzangu alikwenda Paje na familia, akalipia chumba cha mbele kabisa, akaamka saa nne asubuhi akafungua pazia: hakuna bahari. Mchanga mweupe, vidimbwi, na mbali sana mstari wa povu. Akanipigia simu akiwa amenuna. Nilikuwa Jambiani wiki hiyo, nikamweleza mavyaa wa dada, naye akacheka. "Haijakauka, mwanangu. Mwambie angoje saa kumi za jioni, itamfuata mpaka mlangoni."

Yale yalikuwa maji ya bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4. Kwenye pwani ya mashariki, ambako kina ni kifupi mpaka kwenye mwamba, mita hizo zinakuwa mwendo mrefu wa kutembea kwa miguu. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi wanavutana pande tofauti, na yanakuja maji mafu: tofauti ni kama mita moja hivi, bahari haiendi mbali wala haiji karibu sana.

Na saa zake zina utaratibu. Siku za bamvua, Unguja maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukifika siku za maji mafu, mambo yamegeuka: asubuhi maji ndiyo yamejaa, jioni yamepwa, lakini kidogo kidogo tu. Kwa hiyo anayetaka watoto waogelee asubuhi baada ya chai aende siku za maji mafu. Anayetaka kuona bahari ilivyo chini, nyota za bahari, matango bahari, akina mama wakifunga mwani kwenye kamba na vigingi, wengine wakichokoa pweza mwambani, aende bamvua, avae viatu vya kukinga miba ya chini ya maji, aingie majini jioni.

Kilimo cha mwani Unguja kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Bamvua ndiyo siku zao za shamba. Mgeni anayelalamika kuwa bahari imeondoka analalamika ofisi ya mtu imefunguliwa. Mavyaa huyo huyo aliwahi kuniuliza kama kwetu zabibu nazo tunachuma kwa saa. Nikamwambia hapana, lakini Mpunguzi kwa baba yangu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Akatikisa kichwa. Yeye anavuna kwa mwezi.

Huna haja ya programu ya simu kujua bamvua ni lini. Tazama kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Kuanzia tarehe moja mpaka tatu nne, na kuanzia kumi na tano mpaka kumi na nane: bamvua. Karibu na tarehe tisa na ishirini na tatu: maji mafu. Ndiyo maana Idi el-Fitri, ambayo ni tarehe mosi Shawali, siku zote huangukia bamvua, na Idi ya kuchinja, tarehe kumi Mfunguo Tatu, huangukia maji mafu. Mtu akitaka kwenda sikukuu ya Idi na pia kuogelea asubuhi, aichague Idi ya pili. Dagaa nao wana habari yao. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwa hiyo ukitaka dagaa wabichi usiende mwezi ukiwa mpevu.

Pasaka ndiyo inayonichekesha. Watu wa Dodoma wengi huipanga safari ya Zanzibar siku za Pasaka kwa sababu Ijumaa Kuu na Jumatatu ni za mapumziko. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Ukilinganisha na masika utaona imewekwa pale pale mvua inapoanza kushika kasi. Aprili peke yake Unguja hupata mvua inayozidi nusu ya ile Dodoma inayopata mwaka mzima. Hoteli kadhaa za mashariki hufunga Aprili na Mei, zinapaka rangi na kuwapa wafanyakazi likizo. Barabara za ndani zinajaa madimbwi. Hakuna masika yasiyokuwa na mbu, wahenga walishasema, na wanaojua zaidi ni wa Pwani.

Pamoja na hayo mimi nayapenda masika ya Unguja, na nitayatetea. Mtu aliyekulia kwenye ukame hawezi kuichukia mvua. Pale Mji Mkongwe maji yanateremka kutoka kwenye mapaa ya mabati, watu wanajibanza barazani na kuzungumza na wasiowajua, Forodhani hakuna msongamano, muuza urojo ana muda wa kukusimulia. Chumba ambacho Agosti hukigusi, Mei unajadiliana nacho. Na mvua haipigi siku nzima kila siku. Mara nyingi hufungua mchana, jua likatoka kali, kila kitu kikang'aa. Kwa watu wawili wasio na watoto, wenye vitabu vyao na mwavuli, ni wakati mzuri. Kwa anayetaka bahari ya kwenye kadi za posta, asiende.

Kinachouma ni kwamba mwezi wa bei nafuu ndio mwezi ambao mtumishi wa Dodoma hawezi kuondoka. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwisha Juni, na nani ofisini atapewa ruhusa wakati waziri anasubiri majibu ya hoja? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini haikuchagulii mwezi, na mkuu wako ana mawazo yake.

Basi wengi hubaki na Desemba. Shule zimefungwa, mwaka unakwisha, kila mtu anataka kutoka. Desemba ina kasoro mbili kwa watu wetu. Vuli huko visiwani inaweza kuendelea mpaka katikati ya mwezi, na mwaka wa El Nino, kama 1997 au 2023, vuli hugeuka masika kamili. Kuanzia Krismasi hadi wiki ya kwanza ya Januari bei ziko juu kuliko wakati mwingine wowote. Halafu kuna la kwetu wenyewe: Desemba ndipo mvua ya kwanza inapoanguka Dodoma. Nusu ya watu ninaofanya nao kazi wana ekari mbili tatu za mtama, alizeti au karanga huko Bahi, Chamwino au Kongwa, na mvua ya kwanza haisubiri mtu arudi kutoka ufukweni. Jaribu kumwambia mama wa Kigogo kwamba umeacha kupanda ukaenda kuogelea. Mama yangu atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atauliza kama mchele wa huko mtalipiwa na bahari.

Januari mwishoni na Februari, kaskazi ikiwa imetulia, maji huwa ya joto na safi, bahari ya Jambiani imetulia, maembe bado yapo sokoni. Kuna tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 hufanyika Unguja mwezi Februari, na vyumba vya mjini siku hizo hujaa. Ila joto la wakati huo si la mzaha. Dodoma tunajua jua, lakini jua letu ni kavu, jasho linakauka kabla hujalifuta. Unguja ya Februari jasho linabaki nawe mpaka usiku. Mwenye presha au mjamzito afikirie mara mbili.

Na kwa miaka hii ya karibuni Februari ina jambo jingine: Ramadhani. Mwezi mtukufu husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 umeanzia katikati ya Februari, na 2027 utaanza mapema zaidi mwezi huo huo. Utaendelea kurudi mpaka 2030 ambapo zitaingia Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na mwisho wa Desemba. Hoteli za watalii hupika kama kawaida. Lakini sisi hatuli hotelini siku zote. Tunakula kwa mama ntilie, kwenye migahawa ya mitaani, na hiyo mchana hufungwa. Kula hadharani, hata kutafuna muwa kwenye daladala, ni kukosa adabu kwa wenyeji. Upande mwingine, futari za kule hazina mfano: tambi za sukari, mikate ya kumimina, uji wa pilipili manga, viazi vya nazi. Kama una mwenyeji atakayekualika, Ramadhani ni msimu mzuri kupita mingi. Kama huna, chagua mwezi mwingine usije ukashinda na biskuti chumbani.

Kwangu mimi msimu wa mtu wa Dodoma ni kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwisho wa Oktoba. Kusi imechoka. Bahari inalainika pande zote mbili, na aliye na miwani ya kuzamia anaona mbali. Wageni wa Agosti wameondoka, wa Krismasi hawajaja, na mwenye nyumba ya wageni anapokea simu mwenyewe. Vuli bado haijaanza, au imeanza kwa manyunyu ya alfajiri. Joto limeanza kurudi bila kuwa adhabu.

Na ukiangalia huku nyumbani, wakati huo ndio unaofaa kuondoka. Zabibu za pili zimeshavunwa. Mtama umeshaingia ghalani tangu katikati ya mwaka, kupanda ni Desemba. Dodoma ya Oktoba haina jani. Milima imekuwa rangi ya majivu, upepo unazungusha vumbi kuanzia Nkuhungu hadi Ihumwa, joto la mchana linapita nyuzi 30 na Novemba litapanda zaidi. Julai, ambayo wengi wanaikimbilia, Dodoma ni baridi ya asubuhi na upepo, na Unguja nako ni baridi na upepo. Unatoka kwenye koti unaingia kwenye koti. Oktoba tofauti unaiona mara tu unaposhuka botini. Wenye watoto wa shule wana likizo fupi ya muhula wa pili, ambayo huangukia Septemba au karibu yake, ingawa siku hizo ni chache na kusi inaweza kuwa bado haijakwisha. Hapo nasema wazi, mwenye watoto wanne wa shule nitamshauri Juni mwishoni, upande wa Kendwa, na akate tamaa ya Jambiani.

Ziko sababu za kuvunja kanuni yangu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni Julai, na kuona wanaume wazima wakichapana mabua ya migomba kuuaga mwaka, huku wanawake wakiimba, kunastahili upepo wote. Nyangumi nao hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba, na siku nyingine wanaonekana ukiwa nchi kavu.

Lakini Oktoba ina Mafia, na Mafia ndiyo inayonifanya nisiwe mwepesi wa kusema "Zanzibar" kila nikisikia neno kisiwa. Kuanzia Oktoba hadi karibu Machi papa potwe hukusanyika mbele ya Kilindoni, wakila viumbe vidogo vya majini. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na binadamu. Upande wa pili wa kisiwa, Ghuba ya Chole iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na kule Juani kuna magofu ya Kua ambayo mizizi imeshayakumbatia kuta. Watu ni wachache, vyumba ni vichache, taa za usiku ni chache. Wanaopenda muziki wa ufukweni wataboreka.

Mwaka huu nimejaza fomu ya likizo kwa Oktoba, siku za maji mafu. Dada amenuna kwamba nitampita Jambiani. Nimemuahidi Idi ya kuchinja. Shemeji amenipa onyo moja kuhusu njia ya Mafia, nalo nawapa na ninyi: boti inatoka Nyamisati, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na saa yake ya kuondoka inategemea maji yamejaa au yamepwa. Saa ya jana si ya leo. Piga simu bandarini kabla hujakata tiketi ya treni, piga tena siku moja kabla ya safari, na panga kulala Kibiti kama boti ni ya alfajiri.